Kushoto kwa Baba

Kaburi langu liko Masama, kwenye kihamba, shamba la migomba na kahawa la nyumbani, kushoto kwa kaburi la baba. Halina marumaru wala msalaba. Mama amepanda sale, mmea wetu wa mipaka na heshima, pembeni yake, na kuku wanapenda kuota jua hapo asubuhi. Ndani kuna mgomba. Wageni wakija huwa nawaonyesha, nao hucheka, halafu wakiona mimi sicheki wanaacha na kuanza kusifia kahawa.

Nilikuwa mwigizaji. Nasema nilikuwa, ingawa watu wa huku hawakubali, kwao kazi hiyo haina kustaafu. Nilianzia kwenye michezo ya Krismasi kanisani, kila mwaka nikipewa mfalme mbaya kwa sababu sauti yangu ilikuwa nzito mapema. Wenzangu walikuwa wachungaji wa kondoo na malaika, wakavuliwa mashuka wakaenda kula pilau. Mimi ubaya ulinifuata mpaka Dar es Salaam.

Huko nilicheza filamu zilizorekodiwa haraka haraka kwenye nyumba za watu, sebule ileile ikiwa leo ya mbunge, kesho ya mganga. Baadaye nikaingia kwenye tamthilia ya televisheni, nikawa mtoto wa tajiri anayewadhulumu ndugu zake mirathi. Nilikaa kwenye nafasi hiyo miaka. Nilijulikana. Nikipita sokoni Pasua, Moshi, nikiwa likizo, wauza nyanya waligoma kuniuzia. Mmoja aliniambia mbele ya watu, "Kamrudishie kwanza dada yako nyumba yake, ndiyo uje ununue." Nilicheka sana siku hiyo. Nakumbuka kwamba nilicheka kwa sababu ni moja ya mara za mwisho.

Sijui ganzi ilianza lini. Haikuwa huzuni, huzuni naijua, nimeiigiza vya kutosha. Mwongozaji akisema lia, machozi yalikuja. Akisema basi, yalikatika, nami nikaenda kukaa kwenye kiti changu nikiwa mkavu kabisa. Nyumbani hayakuja hata siku moja. Mwanamke niliyekuwa naishi naye alifunga vitu vyake mchana kweupe, mimi nikiwa kwenye kochi namtazama. Aliponiuliza kama nina la kusema, nilimsaidia kubeba begi mpaka kwenye bajaji. Nilirudi ndani, nikakaa palepale. Nilijua kwamba hapo mtu anatakiwa aumie.

Wakati huo nilikuwa nawaza kufa kila siku. Niseme wazi maana watu wanadhani jambo hilo linakuja na kelele. Kwangu halikuwa na hofu wala hamu. Niliwaza hivyo namna mtu anavyowaza kwamba anatakiwa akanyoe nywele.

Siku moja, mchana, nilimpigia mama. Sikuwa na sababu. Alinipa habari za ng'ombe aliyezaa, za kwaya, za mvua iliyochelewa. Alipomaliza nikamwambia, "Mama, nimechoka."

"Kazi?"

"Hapana. Nimechoka kuwepo."

Nilisikia kuku wake kwenye simu, na mtu akipasua kuni mbali kidogo. Kisha akauliza, "Leo utakula nini?"

Nikamwambia sijui. Akaniambia nile. Tukaagana, na mimi nikasahau kwamba nimesema.

Haikupita muda mrefu wakubwa wa tamthilia wakaniita. Walinikalisha vizuri, wakaniletea soda, nikajua. Mhusika wangu anakufa. Wanataka sura mpya, watazamaji wanabadilika, nisichukulie vibaya. Sikuchukulia vibaya wala vizuri. Mwongozaji, kijana mpole aliyependa kuniita "bro" ingawa ningeweza kuwa mjomba wake, ndiye aliyeonekana kuumia. Ili kunifuta machozi ambayo sikuwa nayo, aliniahidi mazishi makubwa. "Yawe ya Kichaga kabisa, bro. Migomba, ukoo mzima, mlima nyuma. Unajua sehemu?"

Nikasema kwetu ipo.

Nilitegemea mama akatae. Mama yangu ni Mlutheri wa zamani, mtu asiyependa hata neno jeneza litajwe watu wakiwa mezani. Nilipompigia nilikuwa nimeshajiandaa kupokea hapana yake na kuipeleka kwa mwongozaji. Lakini aliuliza mambo mawili tu.

"Atakayezikwa ni wewe mwenyewe?"

"Ni mimi, lakini ni mchezo, mama."

"Na shimo? La mchezo pia?"

"Shimo itabidi lichimbwe kweli. Kamera inaona."

"Basi waje," alisema, na akakata simu kabla sijamshukuru.

Jeneza tuliliazima kwa fundi mmoja wa Pasua, kwa sharti kwamba lirudi bila mkwaruzo, maana lilikuwa na mteja. Tulilifunga kwa mablanketi nyuma ya pikapu na kupanda nalo. Njiani wazee walivua kofia na bodaboda walipunguza mwendo, na dereva wetu, kijana wa mjini, alikuwa akitoa kichwa dirishani kuwaeleza, "Ni filamu! Ni filamu!" Wazee wakaendelea kushika kofia zao vifuani. Mimi nilikaa pembeni ya dereva, nikala karanga.

Tulipofika, mwongozaji alizunguka kihamba chote akiwa ametengeneza fremu kwa vidole. Alipapenda mahali pa chini, karibu na mfongo, ule mfereji wetu wa maji, ambapo jua linapenya kwenye kahawa. Mama alimsikiliza kwa heshima zote, akamtengea kiti, akampa chai. Kisha akasema, "Hapana, mwanangu. Njoo huku." Akampeleka juu, nyuma ya nyumba, akasimama kushoto kwa kaburi la baba. "Hapa."

Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba aondoke, alikuwa amefuatana nasi akiwa na panga lake la kukatia majani. "Shemeji," alisema. "Hapo?"

"Hapo."

"Shemeji, hapo si..."

"Nimesema hapo."

Baba mdogo si mtu wa kunyamazishwa na mwanamke, wala na mwanaume, lakini alinyamaza. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akaanza kufuta panga kwenye jani la mgomba. Mwongozaji hakuona lolote katika hayo. Alikuwa amefurahi kwamba msalaba wa baba utaingia kwenye picha.

Vijana wa ukoo walichimba asubuhi iliyofuata. Ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa pembeni, maana kwetu kaburi halichimbwi kwa maji ya kunywa, na walichimba kama wanavyochimba siku zote, kina kilekile. Mwongozaji aliwaambia nusu inatosha. Wakamjibu kwamba wao nusu hawaijui.

Majirani walikuja wengi kuliko tulivyowaalika. Walivaa nguo za msiba kweli. Wanawake waliombwa walie kidogo, kwa kuigiza. Sasa mimi nimelala pale kwenye jeneza, nimepakwa poda, na kazi ya maiti ni rahisi, usipumue wanapokukaribia tu. Nikamsikia jirani yetu mmoja, aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, analia kwa sauti ambayo hakuna mtu aliyemfundisha. Alitaja jina langu halisi badala ya jina la mhusika. Mwongozaji alimwomba apunguze, akashindwa. Wengine wakamfuata. Nilifumba macho nikasubiri kusikia kitu ndani yangu. Harufu ya vanishi ndiyo niliyoisikia.

Baada ya picha za kuaga nilitoka, wakafunga kifuniko, na jeneza likashushwa tupu. Nilisimama nyuma ya kamera nikiwa na poda usoni nikatazama mazishi yangu. Mama wa marehemu alichezwa na mwigizaji mwenzangu kutoka Dar, mama hodari sana, alianguka chini vizuri. Mama yangu aliwekwa kwenye kundi la wazee wa kutupia udongo. Zamu yake ilipofika alichukua udongo kwa mkono wa kulia, akautazama, akautupa, akarudi nyuma. Hakulia. Mtu wetu wa vifaa alikuwa akinong'ona, "Polepole wazee wangu, jeneza la watu hilo."

Mwongozaji akasema udongo haukuonekana vizuri, warudie. Wazee wote walirudia. Mama alibaki ameshika mtandio wake.

"Mama, mara moja tu," mwongozaji alisema.

"Mimi nimeshazika," mama alimjibu. "Mtu hazikwi mara mbili."

Mwongozaji akasema basi, tumepata, asanteni sana. Watu wakapiga makofi bila kujua kama makofi yanafaa.

Jeneza lilitolewa, likapanguswa kwa kitambaa chenye maji. Vijana wa Dar wakashika mapauro ili wafukie shimo, tuondoke kabla ya giza. Hapo ndipo baba mdogo alipoingia kati.

"Aisee, subirini. Shimo la mtu halifukiwi likiwa tupu."

Mwongozaji alidhani ni suala la malipo. Baba mdogo alimwelewesha kwa upole ambao sikuutegemea, kwamba kaburi likichimbwa kwenye kihamba linajua limechimbwa, na likifungwa bila kitu litaendelea kumngoja mtu wa nyumba hiyo. Kwa hiyo watu hukata mgomba, ukalazwa badala yake. "Ni wa haraka," alisema. "Nitakata ule pale."

"Usikate," mama alisema. "Upo."

Alienda nyuma ya jiko na yule jirani aliyelia. Walirudi wameubeba, mmoja huku, mwingine kule. Ulikuwa umekatwa tangu asubuhi na mapema, utomvu ulikuwa umeshakauka kwenye ncha. Ulikuwa na urefu wangu, au karibu. Na ulikuwa umevishwa shati langu la sekondari, lile la nembo mfukoni, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Nilishangaa kwamba shati hilo bado lipo. Sikushangaa zaidi ya hapo. Mtu mwenye ganzi anaona kila kitu, ila hakiunganishi na kingine.

Waliushusha taratibu, ukalazwa kuelekea kilele cha Kibo kama tunavyowalaza watu wetu, ingawa mgomba hauna uso. Mwongozaji alinyanyua kamera, akauliza kama anaruhusiwa.

"Hapana, baba," mama alisema. "Hii si ya kwenu."

Nilipaswa kushuka na gari lao. Mama alisema gari limejaa. Halikuwa limejaa. Nikabaki.

Kipindi kiliporushwa, Moshi nzima ilinizika upya. Nilikuwa nimeshuka mjini kununua dawa ya ng'ombe, mama mmoja wa Rau akanishika mkono barabarani akaniambia pole, kisha akashtuka mwenyewe kwa kumpa pole marehemu. Vijana walipiga picha na mimi. Simu kutoka Dar zilikuja chache, halafu hazikuja. Nilikata majani ya ng'ombe, nilipogolea migomba, nilikaa. Sikuwa nasikia njaa, na nadhani mama aliligundua hilo siku ya kwanza. Mchana akiwa tayari na mtori au kiburu alisimama mlangoni mwa jiko akaita kwa sauti ya kumfikia jirani, "Marehemu! Njoo ule!" Jirani alikuwa anacheka mpaka tunamsikia. Nilienda, nikala kwa sababu sahani iko mbele yangu.

Aliniambia pia twende hospitali mjini. Hakueleza kwa nini, alivaa gauni lake la kanisani, akanitangulia. Daktari alikuwa binti mdogo ambaye alikuwa anaangalia tamthilia yetu, na kwa dakika chache za mwanzo aliogopa kunitazama. Kisha akaniuliza maswali ya moja kwa moja nami nikayajibu moja kwa moja, mama akiwa nje kwenye benchi. Nilipewa vidonge na tarehe ya kurudi. Nilirudi. Nimekuwa nikirudi. Vidonge havikunipa furaha, wala havikuniahidi, ila nilianza kulala kama mtu wa kawaida.

Desemba watu walipanda kutoka kila mahali, kama kawaida yetu, na mbuzi akachinjwa. Mwaka huo mama alikuwa amevimba miguu, na moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua. Hakuna aliyetaka kulisema hilo, ila kila mtu alimpisha kwenye kiti. Baada ya kula, ukoo ukiwa umekaa uani, baba mdogo akakohoa.

"Kuna jambo, na nalisema shemeji akiwa mzima anasikia, tusije tukagombana baadaye. Marehemu kaka alimwachia mkewe mahali. Kushoto kwake. Alipapima mwenyewe, mimi nikiwepo. Kulia kuna babu yetu. Juu kuna mpaka. Sasa kule kushoto yupo huyu." Akanielekeza kwa kidevu.

Watu walicheka. Mimi nilikuwa sijui. Naandika hivyo na bado sielewi nilikuwa sijui vipi, mtu mzima, mtoto wa nyumba hiyo. Baba alipofariki nilikuwa kwenye kurekodi, nilifika jeneza likiwa limeshashuka, nikaondoka baada ya matanga. Mambo ya nani atalala wapi sikuwahi kuyauliza.

Nilisema jambo la kwanza lililonijia, na nililisema kwa nia njema. "Basi kesho naufukua. Ni mgomba tu, baba mdogo. Sasa hivi umeshaoza."

Mama aliweka kikombe chini.

"Hautoki."

"Mama, ni mgomba."

"Najua ni mgomba. Niliukata mwenyewe." Hakuinua sauti. "Ukitoka ule, nani anaingia?"

Wifi mmoja aliyekuwa anakusanya sahani alibaki nazo mkononi.

"Ulinipigia ukaniambia umechoka kuwepo," mama alisema. Alikuwa ananiambia mimi, kana kwamba tuko wawili jikoni. "Nikakuuliza utakula nini, kwa sababu sikujua mama anauliza nini hapo. Nilikaa na neno lako. Nilienda nalo kanisani, nikarudi nalo. Halafu ukaniambia kuna watu wanataka kukuzika, na shimo ni la kweli. Nikasema sawa. Azikwe. Azikwe mahali palipotengewa mtu kweli, kaburi lisije likasema limetapeliwa. Halafu yaishe."

Baba mdogo aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti. Nimesimama mbele ya kamera maisha yangu yote nikijua uso ufanye nini. Siku hiyo sikujua.

Asubuhi mama aliniambia nichukue jembe. Alitembea mbele yangu akishika shina hili na lile, akipumzika, mpaka chini kabisa karibu na mfongo, palepale alipopapenda mwongozaji. Majani yalikuwa yameota sana hapo.

"Hapa ndipo pangu," alisema. "Nitakuwa nasikia maji."

"Na baba?"

"Baba yako nimelala naye miaka mingi. Anakoroma." Alicheka kidogo, akashika kifua, akangoja pumzi irudi. "Wewe ndiye hukukaa naye. Kaa naye. Haya, palilia, nyoka wasizoee."

Alirudi juu polepole peke yake, hakutaka nimshike.

Nilipalilia. Ardhi ya pale ni nyeusi na laini, ila mizizi ya magugu imeshikana, na mikono yangu ilikuwa bado ya mjini. Ngozi ilichubuka chini ya vidole. Iliuma. Niliweka jembe chini nikautazama mkono, nikaubonyeza pale palipochubuka, ukauma tena. Sikulia. Ningependa kuandika kwamba nililia, mahali hapo panafaa, mwongozaji yeyote angenidai. Nilikaa kwenye ukingo wa mfongo, kwenye kaburi la mama yangu ambaye alikuwa hai anapika, nikaogopa. Niliogopa kwamba atakufa. Ni hofu ya kawaida sana, kila mtu anayo, na mimi sikuwa nimeisikia kwa miaka.

Jua lilipofika juu ya kahawa nilisikia kitu kingine tumboni, nikachelewa kukitambua. Niliosha mikono kwenye mfongo, nikapanda. Mama alikuwa ameinama juu ya sufuria, mwiko mkononi, hajasimama mlangoni bado, hajaniita.

"Mama," nilisema. "Nina njaa."

Aligeuka akanitazama. Kisha akaugeukia moto na kukaa hivyo muda mrefu, amenipa mgongo, anakoroga chakula ambacho kilikuwa kimeshaiva.